Mandazi ya Haboba

Kwanza ulisikika mluzi.

Mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, ukitoka pale bomba la shaba linapoingia kwenye pipa. Udongo waliozibia ulikuwa umekauka ukapasuka, na mvuke ulichuruzika kwenye ufa kwa kasi, ukiinamia upande wa moto. Bibi mwenye mtambo wa waragi, ile pombe kali ya kuchemshwa, alikuwa mbali kidogo na jerikani mkononi, akizungumza na mume wangu habari za bei. Mjukuu wake alikuwa amekwenda kuchota maji. Watalii wawili tuliowakuta pale walikuwa wanapiga picha.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mwanangu wa mwisho, yenye ugali wa ulezi alioukataa.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kumega tonge, kuchota jivu pembeni ya figa, kulikanda humo mpaka tonge likawa gumu kama kipande cha sabuni, kisha kulibandika kwenye ufa kwa kidole gumba, nikilisukuma kutoka chini kwenda juu. Nikachana ukingo wa kitambaa tulichofungia chakula, nikauzungusha mara tatu, ncha nikaificha ndani. Mluzi ukakatika.

Nilipogeuka, binti yangu wa miaka 12 alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, umejuaje?"

"Nimebahatisha tu."

Hiyo ilikuwa Mei. Wiki ya sita sasa, na jibu lile bado linanikaa kooni.

Nani hupiga kambi masika?

Wazo lilikuwa la baba watoto. Tangu mfungo wa Ramadhani alikuwa anaangalia video za watu wanaolala ndani ya magari, huko kwenye nchi za majira manne, ambako mwezi wa nne miti inachipua na watu wanaegesha kando ya mashamba ya zabibu, wanakunjua viti na kunywa mvinyo jua likizama. "Sisi tutafanya vilevile," akasema, "mvinyo tutawaachia wenyewe."

Akapata Super Custom moja Kampala, imeng'olewa viti vya nyuma, ikatiwa kitanda cha mbao, godoro, jiko la gesi la kichwa kimoja na dirisha la kwenye paa. Aliyetukodisha aliapa kwamba dirisha lile halivuji. Likizo ya mwezi wa tano, mvua hazijaisha, bei nusu. Usiku wa kwanza dirisha likavuja, tena juu ya kichwa cha yule yule aliyeapiwa, na mimi nikageukia ukutani nicheke.

Safari yenyewe sitawasimulia. Barabara ya Mityana na Mubende mnaijua. Fort Portal ni kama kilomita 300 kutoka Kampala, na sisi tulimaliza siku nzima, kwa sababu mdogo wetu akiona gonja ya kuchoma barabarani ni lazima gari lisimame. Baada ya Kyenjojo chai ikaanza, kijani mpaka macho yanachoka, na baridi ikaingia.

Tuliegesha karibu na Ziwa Nkuruba. Ni moja ya yale maziwa ya mashimo ya volkeno, makumi yake, yaliyotawanyika kusini mwa Fort Portal. Moto wa chini ulikutana na maji, ardhi ikapasuka, yakabaki mabakuli. Mwinuko ni kama mita 1,500, kwa hiyo usiku tulilala wanne chini ya blanketi mbili tukigombania katikati. Asubuhi mbega walikuwa juu ya miti, weusi wenye mabega meupe, wakitutazama tunavyokamua taulo. Siku ya pili mawingu yalifunguka kwa dakika chache, Rwenzori ikatokea nzima, halafu ikajifunika tena, kama mtu aliyefungua mlango kwa makosa.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo ili msidhani nilikwenda kule na mzigo. Sikuwa na mzigo wowote niliokuwa naujua.

Kibao

Kibao kilikuwa kando ya njia ya miguu, cha mbao, kimechorwa chupa na glasi. Kwa Kiingereza kiliandikwa maneno ya kusema mvinyo wa ndizi, karibu uone unavyotengenezwa. Shilingi 20,000 kwa mgeni, 5,000 kwa mwenyeji.

Baba watoto akasita. "Hiyo ni pombe."

"Imeandikwa mvinyo," binti akasema. "Na ni elimu. Uchachu tumesoma darasani."

Neno mvinyo limevaa viatu. Tonto, pombe ya ndizi ya kienyeji, haina viatu, na waragi ndiyo kabisa, inatembea na matope. Nilijua hayo nikiwa nimesimama mbele ya kibao kile, na bado nikatoa 5,000 mara mbili bila kigugumizi. Watoto waliingia bure.

Mwenye mji alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa gambuti na sweta la shule ambalo hakika halikuwa lake. Kabla ya kuuliza majina yetu aliuliza empaako zetu. Batoro, watu wa huku, ndivyo walivyo; jina lako ni la kwenye karatasi, empaako ndiyo ya kuitwa kwa heshima na mapenzi, na ziko kumi na kitu tu kwa watu wote. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, lakini kwa bibi yule sikuona kitu cha kuokoa. Yeye alikuwa Abwoli. Akasikitika kwamba tumetembea miaka yote hii bila chochote, akagawa hapo hapo: binti yangu akawa Akiiki, mdogo wake akawa Araali. Mimi akaniahidi ataniangalia kwanza.

Kiswahili chake kilinishangaza. Marehemu mumewe alikuwa askari, wamekaa Jinja, Moroto na Bombo. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile kinachoamrisha hata kinapobembeleza. Katika nchi hii ndiko lugha yetu ilikolelewa, kambini, na ndiyo maana mpaka leo kuna anayeisikia akashika mfuko wake.

"Na nyinyi mnatoka wapi?"

"Kampala," nikasema.

Ni kweli naishi Kampala.

Mtumbwi

Ndizi zenyewe si matooke ya kupika. Ni zile za pombe, Waganda wanaziita mbidde, kali na chungu zikiwa mbichi. Zinafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, siku tano hivi, mpaka ziive zote kwa pamoja. Kisha zinamenywa, zinatiwa kwenye gogo lililochongwa, ambalo watu huliita mtumbwi na kweli ni mtumbwi, pamoja na manyasi makavu yenye makali. Mjukuu wa Abwoli akaosha miguu, akaingia, akaanza kukanyaga.

Kwa muda mrefu hakuna kitu. Ni tope la njano linalonata, na kijana anahema. Mtalii mmoja akaangalia saa. Halafu ghafla, bila dalili, tope likakata tamaa, maji yakatoka chini ya nyasi yakimetameta, na mdogo wetu akapiga kelele kana kwamba goli limefungwa.

Tukanywa juisi ile kwa kibuyu. Waganda wanaiita mubisi. Ni tamu kuliko ndizi yenyewe, ina harufu ya moshi kwa mbali. Kinachofuata ni kidogo sana: mtama uliokaangwa ukasagwa, unanyunyizwa juu, unafunikwa majani ya mgomba, unaachwa. Kesho asubuhi ni tonto. Wahaya wa ng'ambo ya mpaka wana lubisi yao, Wachaga wana mbege na ulezi wake. Ni mambo ya jamaa moja hayo.

"Sasa inakuwa haramu saa ngapi?" Akiiki akauliza.

Alimuuliza baba yake, na baba yake hupenda sana kuulizwa. Akaeleza nabidhi: kwamba Mtume alikuwa akilowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, na kesho yake, na keshokutwa mpaka jioni, kinachobaki baada ya hapo, ama wanapewa wengine ama kinamwagwa. "Kwa hiyo," akasema, "saa haiko kwenye kitabu. Iko kwenye kibuyu."

Abwoli akacheka mpaka akashika kiuno. Akatuuzia chupa ya lita moja na nusu ya mubisi, akatuonya tuinywe leo.

Tukaelekea nyuma, kwenye mtambo. Njiani akatusimulia jambo alilosikia kwa babu yake, naye kwa wake: kwamba zamani, Lugard, afisa wa Kiingereza, alipopita akimrudisha Mfalme Kasagama kwenye kiti cha Toro, aliacha ngome na askari Wanubi kutoka Sudan wa kuzilinda, na askari wale hawakupewa posho, au walipewa wakaona haitoshi. "Walikula mbuzi zetu," akasema. "Kuku, mbuzi, wake. Mpaka leo mtoto akila sana tunamuuliza, wewe ni Mnubi?"

Alisema akicheka. Ilikuwa 1891, mbuzi wenyewe wameshasamehe.

Baba watoto akanitupia jicho. Mimi nikatazama mbele.

Mkono wa Bombo

Ndipo mluzi. Ndipo tonge, jivu na kitambaa. Ndipo "nimebahatisha tu."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Abwoli alirudi, akaona kitambaa, akainama. Hakunigusa wala kunishukuru. Aliligusa tonge kwa ncha ya kidole, akafuata mzunguko wa kitambaa mpaka mahali ncha ilipofichwa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia wimbo kupitia ukuta wa jirani.

"Nani amefunga hii?"

Watu wote wakanitazama.

"Huku tunapaka udongo," akasema. "Ugali na jivu, halafu kitambaa cha kuficha ncha, nimeona mahali pamoja tu. Bombo, nyuma ya kambi, kwa akina mama wa Kinubi. Mwanangu, wewe ni Mnubi?"

Nikasema hapana.

Naomba mlione jambo hilo lilivyokuwa. Binti yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Kila Idi tunakwenda Bombo. Ana gurbaba aliyoshonewa na mama yangu. Anajua kusalimia kwa Kinubi, anajua kwamba babu zake walishuka na jeshi kutoka Sudan. Na mbele ya macho yake nimeulizwa swali la neno moja na nimejibu neno moja, na neno hilo ni uongo.

Abwoli hakubisha. Alisema "Haya," akaenda kuangalia jerikani. Empaako yangu hakunipa tena.

Usiku ule, mvua ikipiga bati la gari, nilijiambia nilikana kwa ajili ya mbuzi. Nani angependa kuwa mjukuu wa wala mbuzi katikati ya mji wa watu? Sababu nzuri. Nilikaa nayo siku mbili.

Alichouza

Haboba, bibi yetu mzaa baba, alikuwa akiuza mandazi.

Hivyo ndivyo tunavyosema. Amin alipoanguka 1979, Wanubi walikimbia, waliokaa walijuta. Mimi nimezaliwa uhamishoni, ng'ambo ya mpaka wa Sudan. Tuliporudi Bombo mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumba ilikuwa na kuta tu, mabati yamechukuliwa, na babu hakurudi nasi. Watoto sita na wajukuu juu yake. Haboba akaanza kuuza mandazi, akasomesha wote. Siku ya maziko yake ami yangu mkubwa alisimama akasema, "Mama huyu ametulea kwa mandazi." Watu wakaitikia. Mtu mmoja wa nyuma, mzee, alikohoa kidogo.

Alikuwa akipika waragi.

Jikoni kwake, nyuma ya mkungumanga... ona, hata sasa nataka kuwaelekeza kwenye mti badala ya pipa. Pipa lilikuwa limekaa juu ya mafiga matatu, bomba la shaba linapita kwenye maji baridi, mwisho wake chupa yenye kitambaa mdomoni. Pombe huchemka kwa nyuzi 78, maji yanangoja mpaka 100, na kazi yote ni kukaa katikati ya namba hizo mbili. Haboba hakuzijua namba. Alijua sauti. Moto ukizidi pipa linanguruma, na yeye, akiwa chumbani na tasbihi, atasema bila kunyanyuka, "Punguzeni kuni."

Maji ya kwanza alikuwa anayamwaga, yale yanayonuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Yaliyofuata alimimina kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti. Moto wa bluu, usiotoa moshi, ndiyo kazi imekubali. Kwa ulimi hakuonja kamwe. Alipima kwa moto. Adhana ikikaribia alisugua mikono kwa limau mpaka kwenye viwiko, kabla hata ya udhu, na mimi nilishika kipande cha limau.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya pili. Ya kwanza ilikuwa kuziba. Nilikuwa na miaka minane, vidole vyangu ni vyembamba, vinaingia kati ya bomba na pipa. Ugali wa muhogo, jivu lililochekechwa, mkanda wa kanga kuukuu. Kutoka chini kwenda juu, ili mvuke usukume tonge likaze, lisibanduke.

Polisi walipokuja, bomba lilipanda darini. Sheria ilikuwa ya zamani, ya katikati ya miaka ya 1960: anayepika enguli, yaani waragi ya nyumbani, awe na leseni, na anachopika kiende kiwandani, kikasafishwe, kitiwe chupa yenye nembo. Ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Kiwandani ni fahari ya taifa, jikoni kwa Haboba ni kosa. Husemwa kwamba neno waragi limetokana na Waingereza, jini ya vita. Labda. Lakini sisi tulikuwa tukisema araki tangu Sudan, na mimi nikilisikia neno lile nasikia sauti ya nyanya zangu, siyo ya Mwingereza.

Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa noti zenye unyevu. Leo mimi ni mhasibu. Nakagua vitabu vya watu wengine na kuwauliza fedha hizi zimetoka wapi.

Kizuizini Mubende

Nieleze habari ya ile chupa, maana nikiwanyima hiyo baba watoto atanilaumu.

Hatukuinywa siku ile. Tuliisahau chini ya kitanda, pamoja na viatu. Siku mbili baadaye, tunarudi, jua limetoka kali kwa mara ya kwanza, gari limepata joto kama tanuri, kukasikika mlio ambao mume wangu hadi leo anaapa alidhani ni gurudumu. Kifuniko kilipiga dari. Mubisi uliotoka haukuwa mubisi tena. Uliingia kwenye godoro, kwenye msala, kwenye mtandio wangu.

Kilomita chache mbele, kizuizi cha polisi.

Afisa aliinama dirishani. Aliona mwanamume mwenye kofia ya kiua, mwanamke aliyejitanda, watoto wawili. Akavuta pumzi. Akatutazama tena mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta nani kati yetu.

"Hajji," akasema, "mnatoka arusini?"

Tulicheka mpaka Mityana. Ni Akiiki peke yake aliyekuwa kimya. Tulipokaribia Kampala akasema, bila kuniangalia, "Ile harufu, Mama. Wewe hukuziba pua. Sisi wote tumeziba."

Stara

Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kumweleza mtoto. Akaniambia nisifanye hivyo, na hoja yake si ya kupuuzwa.

"Haboba amestiriwa," akasema. "Mungu amemstiri, watu wamemstiri, amezikwa kwa heshima. Anayemfunua maiti wake anatafuta nini?"

Tumelelewa hivyo, na ni mafunzo mazuri. Aibu ya mwenzio unaifunika, Mungu naye akufunikie yako. Nililala na hoja ile usiku mwingi. Na nilikuwa na hofu nyingine, yangu mwenyewe: mtoto wa miaka 12 atachukua nini katika hadithi hii? Kwamba ukishindwa ada, pika? Mtaani kwetu nimeona waragi inavyofanya watu. Nakumbuka Aprili 2010, kule Kabale, watu wasiopungua 80 walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Nakumbuka vile vipakiti vidogo vya plastiki vilivyokuwa vinauzwa kwa bei ya pipi mpaka serikali ilipovipiga marufuku 2019. Nilivikuta mfereji wa nyuma ya shule. Haboba hakuchanganya sumu, alimwaga maji ya kwanza hata siku ambayo hatuna sukari. Lakini aliowauzia walikwenda nyumbani kwa wake zao. Wengine tulikuwa tukisikia usiku, ukuta wa tatu kutoka kwetu, na Haboba alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Sijui niliweke wapi jambo la redio. Limekataa kukaa popote.

Kilichonigeuza ni neno la mume wangu mwenyewe. Nilikuwa naosha vyombo nikalirudia: amestiriwa. Nikajiuliza, alipokuwa hai, nani alimwomba afiche? Nilimtafuta kichwani Haboba aliyeona haya, sikumpata. Nilimpata aliyemwambia polisi, "Mwanangu, kaa, unywe chai, unajua mimi ni mjane." Nilimpata aliyetuhesabia noti mezani mchana kweupe: hii ya fulani, hii ya fulani. Mandazi hayakutoka kinywani mwake hata siku moja. Mandazi tuliyapika sisi, tulipopata kazi za ofisini.

Nikampigia mama simu.

"Mama, Haboba aliuza mandazi kweli?"

Kimya. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

"Aliuza," akasema. "Ijumaa."

"Ijumaa tu?"

"Ijumaa alikuwa hawashi pipa. Sasa angekaa bure?"

Darini

Jumamosi iliyopita tulikwenda Bombo, mimi na Akiiki peke yetu. Jina hilo sasa linamkaa kuliko la cheti. Njiani, mahali fulani baada ya Kawempe, nilimweleza. Nilikuwa nimeandaa maneno, na yote yalinipotea, nikabaki na orodha: pipa, limau, ada, polisi, redio. Alisikiliza akitazama nje. Aliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa kama Haboba yuko peponi, nikamwambia hilo si la kwangu. La pili lilikuwa kwa nini nilimwambia yule bibi kwamba mimi si Mnubi.

Nikamwambia niliogopa angeendelea kuuliza.

"Angeuliza nini?"

"Kama ulivyouliza wewe. Nimejuaje."

Akakubali kwa kichwa.

Bomba bado lilikuwa darini. Kijana wa jirani alipanda akalishusha, limekuwa la kijani kwenye mkunjo, refu kuliko nilivyolikumbuka, jepesi kuliko nilivyolikumbuka. Akiiki akalipuliza, halikupitisha kitu. Akaligonga chini mara mbili, kikadondoka kiota cha udongo cha nyigu. Akapuliza tena, sasa pumzi ikatoka upande wa pili, na mama yangu aliyekuwa amekaa mkekani na kikombe chake akasogeza uso kidogo kama aliyepigwa na upepo.

Mama ndiye mlezi mkuu wa mandazi katika ukoo wetu. Tangu tufike alikuwa hajasema neno kuhusu bomba. Alikuwa ametukaribisha, ametuandalia ful na mkate, ameuliza habari za shule.

"Sasa mlikuwa mnaziba wapi?" Akiiki akaniuliza, akilielekeza bomba kwangu.

Nikanyoosha mkono. Lakini mama alikuwa ameshaweka kikombe chini, amelishika bomba kwa vidole viwili, inchi chache kutoka mwisho, mahali ambapo shaba ilikuwa imelika ikawa nyembamba.

"Hapa," akasema. "Kutoka chini. Na huyu mama yako alikuwa mvivu, jivu alikuwa hachekechi."